Programu isiyobisha hodi



Ndugu msomaji, miongoni mwa adabu ambazo mtoto wa Kiislamu hufundishwa mapema ni kubisha hodi. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, Allah (SW) anawakataza waumini kuingia katika nyumba zisizokuwa zao mpaka waombe ruhusa na wawasalimu wenyeji wake. Aya ya 58 ya sura hiyo hiyo inaliingiza jambo hili hadi ndani ya familia: hata watumishi na watoto ambao hawajabaleghe wanatakiwa waombe ruhusa katika nyakati tatu, kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya mchana na baada ya sala ya Isha. Mtume (SAW), kama ilivyopokewa kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (RA), alifundisha kuwa ruhusa huombwa mara tatu, na asiyejibiwa hurudi alikotoka. Ndivyo zifanyavyo jamii zetu za Waswahili hadi leo: hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha mtu huondoka bila kinyongo.

Maulamaa wanaitaja pia hadithi ya Sahl bin Sa'd (RA), juu ya mtu aliyechungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (SAW). Mtume alimkemea vikali, akabainisha kuwa kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Mafunzo yake ni makubwa. Mtu yule hakuiba wala hakuvunja mlango, na mguu wake ulikuwa nje. Kosa lake lilikuwa kutazama kile ambacho mwenye nyumba hakumruhusu akitazame.

Hadithi hiyo inatupa kipimo cha kupimia vifaa tunavyovitumia leo. Simu iliyo mfukoni inajua mahali ulipolala, zahanati uliyokwenda, msikiti unaosali, unayezungumza naye usiku, na sura za watoto wako. Kila programu unayoiweka ndani yake ni mgeni uliyemfungulia mlango. Wako wageni wanaobisha hodi, wakakaa ukumbini na kuondoka na kile walichopewa. Wako pia wanaochungulia kila chumba, kisha wakaenda kuuza walichokiona. Wiki hii tuzungumze juu ya namna ya kuwatofautisha.

Programu ya sala iliyouza nyendo za wanaosali

Tuanze na tukio lililowagusa Waislamu wa dunia nzima. Mwezi Novemba mwaka 2020, jarida la Motherboard la Marekani lilichapisha uchunguzi kuhusu Muslim Pro, programu ya simu inayoonesha nyakati za sala na uelekeo wa Qibla. Wakati huo kampuni yenyewe ilisema programu hiyo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98. Uchunguzi ulibainisha kuwa taarifa za mahali walipo watumiaji wake zilikuwa zikipelekwa kwa kampuni iitwayo X-Mode, na kwamba miongoni mwa wateja wa X-Mode walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikanusha kuliuzia jeshi taarifa hizo moja kwa moja, lakini walitangaza kukata uhusiano wao na X-Mode. Mwezi uliofuata, Apple na Google ziliwaamuru watengenezaji wa programu waondoe kipande cha X-Mode ndani ya programu zao. Mwezi Januari mwaka 2024, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliipiga marufuku kampuni iliyoirithi X-Mode kuuza taarifa nyeti za mahali watu walipo.

Muumini aliyeipakua programu ile alikuwa na nia njema kabisa: asikose sala. Programu ilimwomba ruhusa ya kujua alipo, naye akakubali, kwa sababu nyakati za sala hutegemea mahali. Hapo hodi ilipigwa. Lakini ruhusa aliyoitoa ilikuwa ya kukokotoa saa ya Alasiri na Maghribi. Hakutoa ruhusa ya kufuatwa kutoka nyumbani hadi msikitini, wala ya nyendo zake kuingizwa sokoni.

Jambo hili lilifanyika kwa njia ambayo wengi hatuijui. Mtengenezaji wa programu mara nyingi haandiki kila kitu mwenyewe. Huchukua vipande vilivyokwisha kutengenezwa na kampuni nyingine, akaviunganisha na kazi yake, kama fundi seremala anavyonunua bawaba na vitasa vilivyo tayari. Kampuni kama X-Mode ziliwapa watengenezaji kipande kimoja kidogo na kuwalipa fedha ili wakiweke ndani ya programu zao. Kazi ya kipande hicho ilikuwa kukusanya taarifa za mahali na kuzituma. Mtumiaji anaona jina moja tu kwenye kioo cha simu, kumbe mgeni amekuja na mwenzake chini ya kanzu.

Hawa ni madalali wa taarifa. Kama ilivyo kwa dalali yeyote, hawana haja ya kukufahamu, wanahitaji bidhaa tu. Ndiyo sababu programu nyingi hutolewa bila malipo. Gharama ya kuitengeneza ipo palepale, na kama hukuilipa wewe kwa fedha, ni wajibu wako kuuliza nani ameilipa, naye amepewa nini.

Saa ya Maghribi haihitaji kukufuata

Huenda msomaji akasema: basi hatuna budi, kwa sababu bila mahali hakuna nyakati za sala. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa hesabu.

Ni kweli kuwa mahali ni jambo la lazima. Chiwanda, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ipo karibu na nyuzi 35 mashariki, na Dar es Salaam ipo zaidi ya nyuzi 39. Dunia huzunguka nyuzi 1 kwa dakika 4. Kwa hiyo, kwa tofauti hiyo ya mashariki na magharibi peke yake, jua hufika Chiwanda zaidi ya dakika 16 baada ya kufika Dar es Salaam. Tofauti ya kaskazini na kusini nayo huipunguza au kuiongeza hesabu ya machweo kulingana na majira ya mwaka. Muislamu wa Chiwanda, Liuli au Mbamba Bay anayefuturu kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam hufuturu ilhali jua bado linaonekana juu ya maji, upande wa Malawi. Hili si jambo dogo, na ndiyo maana programu ya sala ina manufaa makubwa zaidi kwa familia zilizo mbali na miji mikubwa.

Lakini tazama ni nini hasa kinachohitajika. Programu inahitaji mambo matatu: latitudo ya mahali, longitudo yake na tarehe. Ukiisha kuiambia mara moja kwamba unaishi Chiwanda, hesabu iliyobaki hufanywa na simu yenyewe, bila kifurushi cha intaneti, bila seva iliyoko ng'ambo, na bila kumweleza mtu yeyote. Ukisafiri kwenda Songea, unabadilisha jina la mji. Hata usipobadilisha kwa safari ya kutoka Chiwanda hadi Mbamba Bay, tofauti ni ndogo mno. Hakuna hesabu ya sala inayohitaji kujua kuwa saa nne asubuhi ulikuwa zahanati, na saa kumi jioni ulikuwa kwa mkweo. Programu inayotaka kujua ulipo kila dakika, mchana na usiku, hata isipokuwa wazi kwenye kioo, inatafuta kitu kingine.

Liko jambo la pili katika hesabu hiyo hiyo, nalo linahusu ibada moja kwa moja. Alfajiri na Isha hukokotolewa kwa pembe ya jua chini ya upeo wa macho, na taasisi hazikubaliani juu ya pembe moja. Umoja wa Ulimwengu wa Kiislamu wa Makka hutumia nyuzi 18 kwa Alfajiri na 17 kwa Isha. Chama cha Waislamu wa Amerika ya Kaskazini kimejulikana kwa nyuzi 15. Kalenda ya Ummul Qura ya Saudi Arabia hutumia nyuzi 18.5 kwa Alfajiri, na kwa Isha huhesabu dakika 90 baada ya Maghribi. Kwenye nchi kama yetu iliyo karibu na ikweta, tofauti ya nyuzi 3 ni takriban dakika 12 za Alfajiri. Kwa mfungaji, dakika 12 ni tofauti kati ya daku na kula mchana. Vivyo hivyo kwa Alasiri: Mashafii, ambao ndio wengi katika nchi yetu, huanza kivuli kinapofikia urefu wa kitu chenyewe, na Mahanafi kinapofikia mara mbili yake.

Basi programu iliyo kwenye simu yako imetumia pembe gani? Ikiwa mtengenezaji amefungia hesabu yake, huwezi kujua, wala imamu wako hawezi kukujulia. Unalazimika kuamini tu. Hapa ndipo tunapofika kwenye suala la programu huria.

Mizani iliyo wazi

Kila programu huanza ikiwa maandishi: maelekezo ambayo mtaalamu ameyaandika, mstari kwa mstari, kuiambia kompyuta ifanye nini. Maandishi hayo huitwa msimbo. Kampuni nyingi huuficha msimbo na kutoa programu iliyokwisha fungwa, ambayo mwanadamu hawezi kuisoma. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake umewekwa hadharani, ili anayetaka ausome, aujaribu, aurekebishe na kuwagawia wengine.

Wazo hili lilipata mtetezi wake mkubwa mwaka 1983, pale Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU. Mwaka 1989 aliweka leseni yenye sharti mashuhuri: ukiichukua programu hii, ukaibadilisha na kuigawa, lazima uiache wazi kwa wengine kama ulivyoikuta. Mwaka 1991, kijana wa Finland aitwaye Linus Torvalds alianza kuandika Linux, ambayo mwaka uliofuata iliwekwa chini ya leseni hiyo hiyo. Leo Linux ndiyo kiini cha simu zote za Android, zikiwamo zinazouzwa kwenye maduka ya Mbinga na Songea.

Muislamu anayeijua sheria yake hatalishangaa sharti hilo, kwa sababu linafanana na wakfu. Umar bin Khattab (RA) alipopata ardhi ya Khaybar na kumwomba ushauri Mtume (SAW), aliitoa kwa namna ambayo haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na manufaa yake yanabaki kwa wanaostahiki. Programu huria nayo imetengwa ili asitokee mtu wa kuifungia baadaye na kuwanyima wengine. Mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007, umefanya jambo la karibu na hilo kwa maandishi ya Qur'ani Tukufu ya kidijitali: kila mtengenezaji anaruhusiwa kuyachukua na kuyatumia, lakini, kama inavyopasa kwa Kitabu cha Allah, haruhusiwi kuyabadilisha.

Utauliza: mimi si mtaalamu, msimbo ulio wazi utanisaidia nini? Swali ni la haki. Jibu lake tunalo sokoni. Mkulima wa kahawa wa Mbinga anapopeleka mzigo wake kupimwa, hajui kuifungua mizani na kuikagua chuma kwa chuma. Lakini anajua kuwa mizani ile inaweza kukaguliwa, na kwamba Wakala wa Vipimo huipima na kuipiga muhuri. Anayekataa mizani yake isikaguliwe, hata kama ni mcha Mungu mwenye tasbihi mkononi, humnunui tena. Surat Al-Mutaffifin imeanza kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo, na onyo hilo halikuwabagua wenye mizani za chuma.

Jibu la pili tunalo katika elimu ya hadithi. Muumini wa kawaida hawezi kuwachambua wapokezi mmoja mmoja. Hata hivyo anafaidika kwa kuwa maulamaa waliandika isnadi, wakaiweka wazi, na kila kizazi kikapata nafasi ya kuipitia na kusema huyu ni mkweli, huyu kumbukumbu yake dhaifu, hapa mnyororo umekatika. Uwazi wa wachache wenye elimu umekuwa kinga ya wengi wasiokuwa nayo. Msimbo ulio wazi hufanya kazi kwa njia hiyo. Mtaalamu mmoja tu akikiona kipande kama cha X-Mode ndani yake, habari itawafikia wote.

Haitakuwa uadilifu, hata hivyo, kudai kuwa kila kilicho wazi ni salama. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro kubwa, iliyopewa jina la Heartbleed, katika programu huria ya kulinda mawasiliano iitwayo OpenSSL. Ilikuwa imekaa humo takriban miaka miwili bila kuonekana, kwa sababu kila mmoja alidhani mwingine ameshakagua. Kuwa wazi hakutoshi pasipo watu wa kusoma. Na hili ni deni la vijana wetu wanaosomea kompyuta: kusoma kwa niaba ya jamaa zao. Hiyo ni fardhi kifaya kwa maana yake kamili.

Viwango, yaani adabu zilizoandikwa

Wavuti wenyewe tunaoutumia umesimama juu ya uwazi huo. Tim Berners-Lee aliubuni akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kiliuachia uwe mali ya umma, bila ada. Mwaka 1994 likaundwa shirika la W3C la kuandika viwango vyake, ili ukurasa uliotengenezwa Nairobi usomeke Muscat na Chiwanda, kwa kifaa cha kampuni yoyote.

Miongoni mwa viwango hivyo kipo kinachohusu mahali mtu alipo, kilichopitishwa rasmi mwaka 2013. Kinavitaka vivinjari visitoe taarifa ya mahali ulipo kwa tovuti yoyote mpaka wewe mwenyewe uridhie waziwazi. Ndicho kile kidirisha kinachojitokeza na kuuliza: ruhusu au kataa. Walioandika kanuni hiyo hawakuwa wakifasiri Surat An-Nur, lakini walifika kwenye akili ile ile: anayeingia aombe kwanza, na mwenye nyumba awe na haki ya kukataa.

Kiwango hicho hulinda mlango. Hakiwezi kujua mgeni atafanya nini na alichokiona baada ya kukaribishwa. Hapo ndipo vinapohitajika viwili vingine: msimbo wa kukaguliwa, na sheria ya nchi.

Aibu inayotumwa kwa simu

Mifano iliyotangulia inaweza kuonekana ya mbali. Ipo iliyo karibu zaidi, nayo ni mikopo ya mtandaoni.

Tuchukue mfano wa mama anayenunua usipa mwaloni na kuupeleka kuuza Mbinga. Siku moja amepungukiwa mtaji. Kwenye simu yake anaona tangazo la programu inayokopesha ndani ya dakika chache, bila dhamana. Anaiweka. Programu inaomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina yote aliyoyahifadhi, naye anabonyeza "ruhusu" kwa sababu asipobonyeza haendelei. Riba iliyomo humo ni haramu iliyo wazi, na gazeti hili limeieleza mara nyingi. Lakini juu ya riba inakuja dhuluma ya pili. Akichelewa kulipa, ujumbe unatumwa kwa watu waliomo katika orodha yake: kwa mkwewe, kwa mwalimu wa madrasa, kwa mteja wake, kwa kaka yake aliyeko Mtwara. Wote wanaambiwa kuwa fulani ni mdaiwa sugu. Mkopo wa laki moja unageuka kuwa fedheha ya ukoo mzima, na ndoa zimetetereka kwa mambo madogo kuliko hilo.

Hayo hayakubaki malalamiko ya vibarazani. Mwezi Novemba mwaka 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni wala idhini yake. Nchini Kenya, mwezi Septemba mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya aina hiyo faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa kutumia majina na namba za watu bila ridhaa yao na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Katika tangazo hilo hilo, shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi wao.

Yule mama wa usipa aliporuhusu orodha yake isomwe, hakutoa mali yake peke yake. Namba ya mkwe ni ya mkwe, na namba ya mwalimu ni ya mwalimu. Walimpa yeye kwa kumwamini. Hiyo ni amana, na amana haikabidhiwi kwa mwingine bila ridhaa ya mwenyewe. Tunaposema faragha ni jambo la hiari ya mtu binafsi, tunasahau kuwa ndani ya kila simu wamo watu wengi wasioulizwa.

Wapo wanaosema: mimi sina la kuficha. Hao waulizwe kwa nini nyumba zao zina mapazia. Sitara haikuwekwa kwa ajili ya mwenye dhambi. Ugonjwa wa mtu, deni lake, ugomvi wake na mwenzi wake uliokwisha suluhishwa, yote hayo ni halali kwake na bado hataki yazungumzwe barazani. Allah (SW) katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, amekataza kupelelezana na kusengenyana katika aya moja. Anayepeleleza huishia kusengenya, au kumuuzia atakayesengenya.

Sheria yetu, na wajibu wa nyumbani

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inatambua haki ya mtu kuheshimiwa faragha yake, ya familia yake na ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Chini ya sheria hiyo, una haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa lengo gani, kutaka zilizokosewa zirekebishwe, na kupeleka malalamiko yako kwa Tume. Haki isiyodaiwa hufifia. Aliyedhulumiwa kwa namna tuliyoieleza asikae na machungu yake kimya. Ahifadhi ujumbe aliotumiwa na alalamike.

Sheria ni ya serikali, lakini mlango wa nyumba ni wa mwenye nyumba. Yapo mambo ambayo baba na mama wanaweza kuyafanya wiki hii, bila gharama.

Kwanza, ingieni kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa, mtazame ni programu zipi zinazojua mahali mlipo na zipi zinazosoma majina, ujumbe na picha. Kwa kila moja ulizeni: kazi yake inahitaji hili? Tochi haihitaji majina ya jamaa. Programu ya sala haihitaji picha. Ile isiyoweza kujieleza, iondoeni.

Pili, kwenye programu ya sala, chagueni mji kwa mkono badala ya kuiachia ifuatilie, na mtazame ni pembe zipi imezitumia. Msizipozielewa, mpelekeeni imamu. Yafaa kila msikiti ukokotoe ratiba ya mahali pake, uichapishe na kuibandika mlangoni. Karatasi hiyo humhudumia kila mtu bila kumuuliza jina lake.

Tatu, pale palipo na chaguo, chagueni programu huria. Kivinjari cha Firefox, programu ya video ya VLC na ile ya ujumbe ya Signal misimbo yake iko hadharani. Duka la F-Droid, lililoanzishwa mwaka 2010, hutoa programu huria kwa ajili ya simu za Android.

Nne, madrasa zetu zijizuie kutuma picha za watoto kwenye makundi ya simu bila kuwauliza wazazi. Nia huwa nzuri, ya kuonesha hafla ya kuhitimu, lakini picha ikitoka hairudi. Mzazi aulizwe kwanza, na akisema hapana asionekane mkaidi.

Tano, tusikopeshane na mashine ilhali tuna ndugu. Vikundi vya akina mama na mifuko ya misikiti vikipewa uhai, hata kwa kidogo, vitamwokoa yule mama wa usipa na riba na fedheha kwa pamoja.

Neno la mwisho ni kwa vijana wetu wenye elimu hii. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Kijana anayeandika programu ya nyakati za sala kwa Kiswahili, yenye miji na vijiji vyetu ndani yake, isiyotuma neno lolote nje ya simu, kisha akauweka msimbo wake wazi ili wengine waukague na kuuendeleza, huyo anaweza kuwa amekusanya mawili ya kwanza kwa kazi moja. Wasomi wetu wameandika vitabu na kuviweka wakfu. Hiki nacho ni kitabu, na nafasi ya mwandishi wake bado iko wazi.

Tunamwomba Allah (SW) azisitiri nyumba zetu na aturuzuku kuzitunza amana za wenzetu kama tunavyopenda zetu zitunzwe.

Wabillahi tawfiq.